Nasoma uuguzi mwaka wa pili hapa Mbeya, wodi inanishinda. Mwenye diploma ya unesi anaweza kufanya kazi gani nje ya kitanda cha mgonjwa?

#1 BintiLoleza

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanishukia.

Nipo chuo Mbeya mwaka wa pili, diploma ya uuguzi na ukunga, yaani ngazi ya 5 ya mafunzo ya ufundi (NTA). Darasani niko vizuri, anatomia na famakolojia sijawahi kurudia mtihani. Shida ni wodini. Nimemaliza fildi ya wiki sita hospitali moja ya wilaya, sitaitaja, na wodi ya wanaume imenitoa roho. Siogopi damu. Siogopi sindano, kanula naingiza mara moja tu inakubali. Kinachonishinda ni kumgusa mtu mzima: kumwogesha, kumgeuza, kumbadilisha pampasi, kumlisha huku anakutazama machoni.

Kulikuwa na babu mmoja amepooza upande wa kulia. Kila asubuhi nilipangiwa mimi kumwosha. Siku ya nne, nikiwa namvua shati, akaanza kulia. Hakusema neno. Nikamaliza kazi, nikaenda stoo ya mashuka, nikakaa chini. Inchaji wa wodi akanikuta akaniambia uuguzi si kazi ya watoto wa mama. Tangu siku hiyo nikiamka asubuhi ya zamu tumbo linauma kweli kweli.

Baba aliuza ng'ombe wawili ili nilipe ada. Siwezi kurudi nyumbani nikamwambia nimeacha. Lakini pia siwezi kujiona nikifanya hivi miaka thelathini. Waliosomea hii kazi na hawako wodini, mko wapi? Mlifikaje huko?

#2 Mkulu wa Kabwe

Natia nanga hapa, nina mdogo wangu yuko hali hiyo hiyo.

#3 Kijana_Mafiati

Dada, umesomea udereva halafu hutaki kushika usukani. Kuna watu wana D zao za Kemia, Baiolojia na Fizikia wanaililia hiyo nafasi uliyokalia. Muuguzi asiyetaka kumgusa mgonjwa ni nani? Samahani kama nimekuudhi, ila nasema kutoka moyoni. Waachie wenye wito.

#4 SistaMstaafu

Marahaba wanangu, maana naona hamjaamkia. Nimefanya kazi hii miaka 34, hospitali ya misheni huko Njombe kwanza, kisha serikalini. Kijana wa Mafiati, punguza moto. Huyo binti hajasema hataki wagonjwa. Amesema alikaa chini stoo baada ya kumaliza kazi. Soma tena: baada ya kumaliza.

Mwanangu, yule babu hakulia kwa sababu yako. Mwanaume aliyejenga nyumba, aliyelipa mahari, leo anavuliwa shati na mtoto wa umri wa mjukuu wake. Analilia mkono wake uliokufa. Nimeona wengi. Kosa ni la aliyekupangia kazi hiyo siku nne mfululizo bila mtu wa kusimama upande wa pili wa kitanda. Mgonjwa aliyepooza haogeshwi na mtu mmoja. Sisi tulifundishwa wawili wawili, mmoja anaosha, mwingine ameshikilia shuka na anaongea naye mambo ya shamba.

Sasa swali lako. Mimi mwenyewe katika hiyo miaka 34, wodini nilikaa 11 tu. Iliyobaki nilikuwa chumba cha upasuaji, halafu kliniki ya mama na mtoto, halafu mratibu wa chanjo wa wilaya. Chumba cha upasuaji unahesabu vifaa na vitambaa kabla na baada, unajua mkono wa daktari unataka nini kabla hajasema, na mgonjwa amelala usingizi. Wapo wanaokipenda kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja. Kuna chumba cha kutakasia vifaa, watu wanakidharau lakini kikisimama hospitali yote imesimama.

#5 MwanaTukuyu

Ndaga fijo, asante sana SistaMstaafu.

Mimi nataka kuongeza jambo ambalo chuoni hawalisemi. BintiLoleza, kama wewe ni wa kwetu Rungwe au Kyela, hilo unalolisikia halijaanza wodini. Bibi yangu aliolewa zamani, na mpaka baba mkwe anafariki hawakuwahi kutazamana uso kwa uso. Akimwona anakuja njiani, anaacha njia anaingia migombani. Jina lake halitaji, na hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo anayabadilisha. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, hata kama siku hizi imelegea sana mijini.

Sasa mtoto aliyelelewa hivyo, unamkabidhi mzee wa miaka 70 na beseni la maji, unamwambia mvue. Mwili unakataa kabla akili haijasema kitu. Unamwita mtoto wa mama wakati mila imo ndani yake.

#6 Kamwene_Gangilonga

Kamwene wote.

#5 mkuu, nakuheshimu lakini sikubaliani. Mimi ni Mhehe wa Iringa, kwetu mkwe haendi kujificha migombani kiasi hicho, na fildi yangu ya kwanza nilitetemeka vilevile. Sababu ilikuwa idadi. Kuna usiku nilibaki mimi na muuguzi mmoja na wagonjwa 38, wawili wana oksijeni, mmoja anatapika. Ukimwosha mtu huku unasikia mwingine anaita "nesi, nesi", unamwosha kama unaosha sufuria, na yeye anajua. Hiyo ndiyo inayoumiza: unafanya kitu ambacho ungekifanya vizuri kama ungekuwa na dakika kumi. Wodi ikiwa na watu wa kutosha, nusu ya wanaosema hawapendi wodi wangebaki.

Mimi niliondoka. Sasa niko kliniki ya tiba na matunzo ya wanaoishi na VVU. Kazi yangu ni kuongea, kuhesabu vidonge, kujaza kadi na kufuatilia waliopotea. Mgonjwa anakuja amevaa nguo zake, tunakaa kiti kwa kiti. Nawajua mpaka majina ya watoto wao.

#7 Ndizi Mshare

#5 na #6 mnabishana kila mtu ana nusu. Endeleeni, chai ya Rungwe iko jikoni na baridi ya leo Uyole haifai kutoka nje.

#8 Chupa_Moja

Nijibu swali la mleta uzi moja kwa moja: niko kwenye Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu. Kituo cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini kipo hapa hapa Mbeya.

Siku yangu iko hivi. Asubuhi tunapakia viti, maboksi ya baridi na mizani kwenye gari, tunakwenda sekondari au kanisani au kiwandani. Nawapima uzito, anayechangia awe na kilo 50 kwenda juu. Namuuliza maswali ya afya faragha. Napima presha na wingi wa damu. Natoa, chupa ya mililita 450 hivi, namkalisha anywe soda. Mwanaume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Ninaowahudumia ni watu wazima wa afya walioamua wenyewe kuja, wanacheka, wanapiga picha.

Unamgusa mtu, ndiyo, lakini ni mkono tu, na anakushukuru wewe badala ya kulia. Ugumu wake ni barabara. Ukitumwa Ileje au Makete mvua za Machi, utarudi saa nne usiku. Na shule zikifungwa wachangiaji wanapungua ghafla, huku akina mama wanaotokwa damu wakijifungua hawafungi likizo. Hapo ndipo unasikia uzito wa kazi.

#9 fomu_ya_ridhaa

Hapa Mbeya tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Miaka mingi kinafanya tafiti za VVU na kifua kikuu, na wauguzi ndio uti wa mgongo.

Muuguzi wa utafiti anafanya nini? Anamweleza mtu utafiti kwa Kiswahili chepesi mpaka aelewe, ndipo asaini fomu ya ridhaa, na anayekataa anaondoka bila kunung'unikiwa. Anapanga tarehe za kurudi. Anatoa damu, anajaza fomu, na kila alichojaza kinakaguliwa mstari kwa mstari. Mshiriki akilazwa au akifariki, taarifa lazima iende ndani ya saa 24 tangu ulipojua. Hakuna kuogesha mtu. Kuna uangalifu mkubwa mno wa karatasi, na kama akili yako ni ya mpangilio utapapenda.

Nikupe mfano wa uzito wake. Mbeya ilikuwa moja ya vituo vya majaribio ya chanjo ya VVU ya PrEPVacc, pamoja na Uganda na Afrika Kusini. Mwishoni mwa 2023 utoaji wa chanjo ulisimamishwa kwa sababu ilionekana hazingeweza kuzuia maambukizi. Mimi sikuwa kwenye utafiti huo, ila fikiria waliokuwepo: ni muuguzi anayekaa na mtu aliyejitolea mwili wake, akamweleza kwamba haikufanya kazi na kwamba mchango wake bado una maana. Huwezi kusema hiyo si huduma.

#10 Mzee wa Igawa

#9 sawa, ila usimpe binti picha ya kwamba anamaliza Juni anaajiriwa Julai. Nafasi hizo ni za mkataba, utafiti ukiisha na mkataba umeisha. Na karibu zote wanataka leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, cheti cha mafunzo ya maadili ya utafiti, na uzoefu. Uzoefu gani? Wa wodini au kliniki. Mwanangu wa kike aliomba mara tatu, mara ya nne ndiyo alipata, baada ya kukaa wodi ya watoto mwaka mmoja na nusu.

#11 fomu_ya_ridhaa

#10 ni kweli mzee, nimepitiliza hapo. Mimi mwenyewe nilianzia wodi ya kifua kikuu. Nakubali sahihisho.

#12 Mkufunzi_Rungwe

Mimi ni mkufunzi wa uuguzi, nimekuwa nikisoma kimya.

Wanafunzi wangu kila mwaka wakiapa huku wameshika mishumaa, wanalitaja jina la Florence Nightingale, Mwingereza mwasisi wa uuguzi wa kisasa aliyeitwa bibi mwenye taa, bila kujua aliishije. Alikaa hospitali ya Scutari wakati wa vita vya Krimea, kuanzia mwishoni mwa 1854 mpaka 1856. Haifiki hata miaka miwili. Alifariki 1910 akiwa na miaka 90. Miaka yote iliyobaki aliitumia kuandika, kupanga takwimu, kubishana na serikali kuhusu mifereji ya maji machafu na hewa ya wodi. Alichora michoro iliyoonyesha kwamba askari wengi walikufa kwa maradhi yanayozuilika kuliko kwa majeraha. Mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa kwenye Chama cha Takwimu cha London. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilianza. Halafu akaanzisha Msalaba Mwekundu, ambao mpaka leo unaokoa watu vitani.

Kwa hiyo mwenye taa mwenyewe, sehemu kubwa ya maisha yake, hakuwa kando ya kitanda. Nawaambia hili wanafunzi wangu, na huwa naona mabega ya baadhi yao yanashuka.

#13 Msafiri_Makambako

Mwalimu shikamoo. Post nzuri sana, ila Msalaba Mwekundu hakuuanzisha Nightingale. Ni Henry Dunant wa Uswisi na wenzake, kamati ilianza 1863 baada ya yeye kuona majeruhi wa vita vya Solferino.

#14 Mkufunzi_Rungwe

Marahaba #13, umenisahihisha kwa haki, hilo nilichanganya. Lingine nimelisimamia.

BintiLoleza, la kukusaidia zaidi ni hili: usiache mwaka wa pili katikati. Ukimaliza ngazi ya 5 una astashahada mkononi. Ukimaliza ya 6 una diploma, unafanya mtihani wa Baraza, unapata leseni. Ukiwa na GPA ya 3.0 au zaidi na vigezo vya kidato cha nne, mlango wa shahada uko wazi, na huko unaweza kuchagua ualimu wa uuguzi, afya ya jamii, au kwenda Chuo Kikuu Mzumbe kusomea uendeshaji wa mifumo ya afya. Kwa wanaotaka kufundisha vyuo vya afya kuna chuo cha CEDHA, Arusha. Ila nakuambia kama mkufunzi: mwanafunzi atakuuliza "mwalimu, wewe ulifanyaje alipolia?" Utahitaji jibu lako mwenyewe.

#15 BintiLoleza

Shikamooni wakubwa wote, na asanteni. Nimesoma kila neno.

#5, mimi ni Mnyakyusa kwa mama, Msafwa kwa baba. Nilivyosoma habari ya bibi yako nililia. Mama yangu mpaka leo hali chakula mbele ya babu mzaa baba. Sikuwahi kuviunganisha.

#6, na wewe pia ni kweli. Tulikuwa wanafunzi saba, muuguzi wa wodi mmoja. Sijui ni lipi hasa.

#3, sijakukasirikia. Swali lako ndilo ninalojiuliza usiku.

Naomba kuuliza: wanaofanya kazi za kompyuta na takwimu hospitalini, ni wauguzi au ni watu wa kompyuta?

#16 Mtuha_na_Kalamu

Nijibu hilo. Ni wote, na wauguzi wanatakiwa zaidi kuliko wanavyojua.

Kila zahanati nchi hii ina vitabu vya MTUHA, yaani vya kuandikia taarifa za huduma za afya. Kila mwisho wa mwezi vinajumlishwa, vinaingizwa kwenye mfumo wa wilaya, vinakwenda taifa. Anayejua kompyuta tu ataingiza namba 14 kwenye safu ya watoto waliozaliwa na uzito mdogo na hatashtuka. Nesi aliyekaa leba atasema: subiri, mwezi uliopita walikuwa wawili, mizani imeharibika au mtu amekosea safu. Nilipigiwa simu usiku mara moja kwa jambo la namna hiyo, na kweli mizani ilikuwa imekorofisha.

Hospitali za serikali sasa nyingi zina mifumo ya kompyuta ya kumbukumbu za wagonjwa kama GoTHOMIS, na idara za madai ya bima. Fomu ya bima ikijazwa vibaya dai linakataliwa, hospitali inakosa hela ya dawa. Hospitali za misheni na za binafsi zinawaweka wauguzi hapo makusudi, kwa sababu wanasoma mwandiko wa daktari na wanajua dawa ipi inaendana na ugonjwa upi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inavyozidi kutekelezwa, kazi hiyo haipungui.

Jifunze lahajedwali sasa, ungali chuoni. Usisubiri semina.

#17 Shikilia

Umesahau moja kubwa na ni la kujivunia hapa kwetu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini kuanza mfumo wa S tano, wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, mwaka 2007, kwa msaada wa Wajapani. Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kutoka hapa ukasambaa hospitali nyingine. Waliousimamia ngazi ya wodi wengi ni wauguzi. Leo kuna timu za ubora wa huduma na za kuzuia maambukizi kila hospitali kubwa. Unazunguka, unaangalia kama sabuni ipo kwenye sinki, kama sindano zinatupwa kwenye boksi lake, unafundisha, unaandika ripoti.

Sikatai, watu watakuona mnoko. Mimi nimeitwa "polisi wa sabuni". Lakini mwaka tuliokazania kunawa mikono wodi ya watoto wachanga, inchaji wao alikuja ofisini kwangu kunishukuru, na hakuwa mtu wa kushukuru ovyo.

#18 Ndizi Mshare

Polisi wa sabuni 😂 samahani mkuu, nimecheka kwa upendo.

#19 Chai_Mufindi

Nesi wa kampuni hapa, mashamba ya chai Mufindi. Nani amewahi kufikiria huku?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003, na wafanyakazi wanatakiwa kupimwa afya. Kwenye mashamba kuna wachumaji wanaoumwa migongo na wapulizia dawa. Viwandani kuna kelele, zikizidi desibeli 85 mtu avae vizibo vya masikio. Zahanati ya kampuni inahitaji nesi anayejua kufunga kidonda cha panga, kuandika ajali kwa ajili ya fidia, na kuwafundisha watu kwa nini wasile na mikono yenye dawa ya wadudu. Mchana naenda shambani na buti, naongea na wachumaji kwenye foleni ya mizani.

Usiku silali wodini. Ila ajali ikitokea uko peke yako na daktari yuko mbali. Mwaka juzi trekta lilimbana kijana mguu, nilimshika mkono saa mbili mpaka gari limefika. Kwa hiyo BintiLoleza, ukimkimbia mgonjwa kitandani unaweza kumkuta shambani.

#20 Baridi ya Makete

Nami niseme la chanjo, maana SistaMstaafu amegusa tu akapita.

Nilikuwa mratibu wa chanjo. Kila mtu anajua chanjo ziwekwe kati ya nyuzi 2 na 8, na kila mtu anaogopa joto. Huku kwetu Makete, Juni na Julai, umande unaganda juu ya majani na adui ni baridi. Chanjo kama ya homa ya ini B au ile ya saratani ya mlango wa kizazi ikiganda imekufa, hata ukiiyeyusha. Unajifunza kutikisa kichupa na kukilinganisha na kingine ulichokigandisha makusudi, ukiangalia kipi kinatua haraka chini. Hiyo ni kazi ya nesi, na sikuwahi kuiona chuoni mtu akiisimulia kwa hamu.

Mwaka 2024 tulipokwenda mashuleni kuchanja wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja, nilishinda siku nzima kwenye mstari wa mabinti wanaocheka kwa woga. Kitanda hakikuwepo. Kulikuwa na wazazi wenye maswali magumu, na kuwajibu bila kuwadharau ndiyo kazi yenyewe.

#21 Kaka_wa_Usingizi

Mimi ni mwanaume, muuguzi, na kisa changu kimegeuka upande wa pili. Wodi ya wanawake walikuwa wananikataa. Mama mmoja alijifunika mpaka kichwani akasema atasubiri zamu ibadilike. Sikumlaumu hata siku moja. Nilichoka kuwa mtu anayekataliwa, nikaenda kusomea utoaji wa dawa ya usingizi. Sasa niko chumba cha upasuaji, kichwani kwa mgonjwa, naangalia pumzi, presha na rangi ya midomo. Namshika mkono dakika mbili kabla hajalala, namwambia ahesabu. Zile dakika mbili ndizo nilizokuwa nazitafuta wodini sikuzipata.

Kwa hiyo #5 na #6, kisa changu si mila peke yake, wala si upungufu wa watu peke yake. Mimi naona ni urefu wa muda na mwili wa mtu. Kuna wanaofaa dakika mbili, kuna wanaofaa wiki sita.

#22 Kamwene_Gangilonga

#21 hiyo ya muda sijawahi kuisikia. Bado nashikilia ya watu wachache zamuni.

#23 sauti_ya_Mbozi

Wote mmesahau afya ya akili. Huko unakaa na mtu, unaongea, unasikiliza, unasimamia dawa. Mirembe Dodoma ndiko wengi wanakosomea. Mama yangu mdogo yupo huko, anasema alikimbia kuogesha watu, akakuta huko napo wapo wanaohitaji kuogeshwa, lakini kwanza lazima wakuamini, na kuaminiwa kunachukua majuma. Yeye alipapenda.

#24 Kijana_Mafiati

Nimerudi. Nimesoma yote na nimejifunza, hasa la #20 na #19.

Lakini niseme kilichonifanya nichome moto post #3. Mama yangu alilazwa mwaka jana siku 19, kansa. Sisi watoto wake ni wanaume watupu. Hatukuweza kumwogesha, hilo mnalielewa. Kulikuwa na nesi mmoja, dada mnene wa makamo, alikuwa anakuja saa kumi na moja alfajiri kabla wodi haijaamka, anavuta pazia, anamwosha mama taratibu, anamsuka nywele. Mama alizikwa na nywele zile. Simjui jina la pili.

Sasa nikisoma uzi wenye majibu 20, kila mmoja anaeleza alivyotoka wodini, najiuliza yule dada amebaki na nani. Hilo tu. Msinijibu kwa hasira.

#25 SistaMstaafu

Pole sana mwanangu. Mungu amlaze mama mahali pema.

Swali lako sina jibu lake. Nilipokuwa kwenye timu ya afya ya wilaya tulilijadili kila mwaka wakati wa kupanga bajeti na hatukulimaliza. Ila nimeona hili: yule dada wa mama yako, ukimlazimisha BintiLoleza asimame pale pale kwa hofu, huwezi kumpata dada wa pili. Utapata mtu anayevuta shuka kwa pupa. Na pia nimeona mabinti wa stoo ya mashuka waliorudi wodini baada ya miaka mitano ya kliniki, wametulia, wakawa wauguzi ambao ningependa wanioshe mimi. Wengine hawakurudi, wakachanja maelfu ya watoto. Siwezi kuwapima hao wawili kwenye mzani mmoja.

#26 MwanaTukuyu

Pole Kijana. Mwanamke aliyesuka nywele za mama yako, kwetu angepewa jogoo.

#27 Mzee wa Igawa

Huko Mbarali angepewa gunia la mchele. Tusimame kwenye jogoo kweli?

#28 Ndizi Mshare

Mchele wa Kyela ndiyo mchele. Mzee wa Igawa usianze.

#29 Mkufunzi_Rungwe

Turudi kwa binti jamani. BintiLoleza, fildi inayofuata umepangiwa wapi?

#30 BintiLoleza

Mwalimu, Jumatatu naanza kliniki ya mama na mtoto, wiki nne. Nitamwomba mratibu wa chanjo anionyeshe hiyo ya kutikisa kichupa. Baada ya hapo narudi tena wodi ya wanaume, wiki mbili, ipo kwenye ratiba ya kila mtu. Lahajedwali nimeanza jana usiku kwenye simu ya mwenzangu.

Kaka wa Mafiati, pole sana kwa mama. Nitaukumbuka ule muda, saa kumi na moja kabla wodi haijaamka.

SistaMstaafu, nikuulize kitu cha kazi. Mgonjwa aliyepooza mkono wa kulia, lile shuka la kumsitiri wakati wa kumwosha linatangulia juu ya blanketi, au blanketi linatoka kwanza? Na shati anavuliwa kuanzia mkono upi? Mimi nilikuwa naanza ule mkono mbovu ili niumalize kwanza.

#31 SistaMstaafu

Shuka kavu linatangulia juu, halafu unavuta blanketi kwa chini yake kuelekea miguuni, asibaki wazi hata kidogo. Mpe pindo la juu alishikilie mwenyewe kwa mkono wake wa kushoto. Kuvua, anza mkono mzima, wa kushoto, ule mbovu umalizie. Kuvalisha, anza na ule uliopooza.

Ulikuwa unamvuta bega bovu, mwanangu. Inawezekana alilia kwa maumivu.